Tiba shufaa nyumbani Lindi: chupa, daftari na ufunguo uliosafiri

Huduma ninayoitathmini hapa haina bango barabarani wala dirisha la kupangia foleni. Ni kitengo cha tiba shufaa, yaani tiba ya kutuliza maumivu na taabu za mwenye ugonjwa mzito, cha mojawapo ya hospitali za huku kwetu kusini, ambacho kwa miezi mitano kilimhudumia nyumbani mama mkubwa wangu, aliyekuwa na saratani ya mlango wa kizazi, katika nyumba yetu iliyo karibu na njia panda ya Mnazi Mmoja mkoani Lindi, pale barabara ya Masasi inapoachana na ile ya Mtwara. Jina la hospitali nimeliacha kwa makusudi. Kitengo kizima ni watu watatu, yaani muuguzi mmoja wa kudumu, daktari anayegawana muda wake na wodi, na mfamasia, kwa hiyo kuitaja hospitali ni sawa na kuwaanika hao watatu, na miongoni mwa niliyonayo ya kusema imo lawama moja nzito ambayo sipendi iwaangukie wasiohusika.

Nianze na kosa letu wenyewe. Mama mkubwa aliporudi kutoka Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, baada ya kumaliza mionzi, alikuja na bahasha kubwa ya picha na majibu, nasi tulichokishika ni yale maneno ya mdomo tu, kwamba matibabu ya kuuondoa ugonjwa yamefika mwisho. Tuliyachukulia kuwa tumefukuzwa. Bahasha ikawekwa juu ya kabati, na kwa wiki sita mgonjwa akawa anameza panado na diklofenaki za duka la dawa, analala kwa vipande vipande, mpaka mhudumu wa afya ngazi ya jamii aliyepita kwa shughuli nyingine alipomsikia akiguna chumbani na kuomba aione hiyo bahasha. Ndani yake, nyuma ya picha, ilikuwamo barua ya rufaa ya tiba shufaa kwenda hospitali iliyo karibu na makazi ya mgonjwa. Kwa hiyo yeyote anayetaka kupanga huduma ya aina hii asome kwanza kila karatasi aliyorudi nayo, na kama barua hiyo haimo, aiombe kwa daktari kabla hajapanda basi, kwa sababu kuifuata tena Dar es Salaam ni safari ya zaidi ya kilomita 400.

Kujiandikisha hakukuwa kugumu. Hatukutakiwa kumbeba mgonjwa. Tulikwenda watu wawili, mimi na mjomba, tukiwa na barua, majibu ya kipimo cha kinyama kilichokatwa (biopsi) na vidonge vyote alivyokuwa akitumia vikiwa ndani ya mfuko wa plastiki. Muuguzi alitukaribisha katika chumba kidogo chenye benchi moja, na kabla hajagusa habari za saratani alituuliza mambo ambayo hatukuyatarajia: nani analala chumba kimoja na mgonjwa, nani ana simu ambayo haiishiwi chaji, choo kiko umbali gani na kitanda, mgonjwa mwenyewe anajua nini kuhusu ugonjwa wake na angependa kuambiwa kiasi gani, na katika ukoo wetu nani mwenye neno la mwisho. Swali hilo la mwisho lilimtuliza sana mjomba, maana kwetu Wamwera, kama ilivyo kwa majirani zetu Wamakonde na Wayao, ukoo unafuata upande wa mama, na jambo la mgonjwa lisilopita kwa mjomba hukwama mlangoni.

Lakini jina la huduma lilimtatiza. "Shufaa ninayoijua mimi ni ya Mtume, Siku ya Kiyama," alisema. "Hii ya hospitali ni ipi?"

Muuguzi, ambaye ni Mkristo, hakucheka wala hakubabaika. Alimjibu kwamba neno ni hilo hilo: mtu anasimama kumtetea asiyejiweza mbele ya kinachomwadhibu, "na hapa kinachomwadhibu ni maumivu, mzee." Mjomba alitazama chini kwa muda, kisha akasema sawa. Tangu siku hiyo alikuwa upande wetu katika kila jambo, isipokuwa mofini, ile dawa kali ya maumivu.

Ziara ya kwanza ilifanyika siku ya nne, kwa pikipiki, na ilichukua karibu saa mbili. Muuguzi aliamkia, akavua viatu, akanawa mikono, akakaa kwenye mkeka ili macho yake yawe sawa na ya mgonjwa aliyelala kwenye kitanda cha kamba. Aliuliza kama kuna dawa za mitishamba zinazotumika, na mama mkubwa, ambaye alikuwa amejiandaa kukana, alikiri kwamba anakunywa mizizi ya aina mbili. Hakukaripiwa. Aliombwa tu ile ya kuendesha tumbo aiache, kwa kuwa mwili hauna maji ya kupoteza, na ile nyingine asiinywe pamoja na vidonge. Halafu muuguzi akamfundisha kuhesabu maumivu kwa vidole vya mkono mmoja: ngumi ni kutokuwa na maumivu kabisa, vidole vitano ni maumivu yasiyosemeka. Mama mkubwa aliinua vitano, akafikiri kidogo, kisha akaongeza viwili vya mkono wa pili. Namba hiyo, pamoja na tarehe na saa, ndiyo iliyofungua ukurasa wa kwanza wa daftari la mistari ambalo tuliambiwa lisitoke chumbani.

Dawa yenyewe ni mofini ya maji, inayonywewa. Kwa miaka mingi Ocean Road wamekuwa wakiichanganya kutoka kwenye unga na kuigawa kwa hospitali nyingine, ni chungu sana, na kitengo kilitupatia bila malipo, kwa kutia sahihi. Kanuni zake, kama muuguzi alivyozieleza, zinafuata mwongozo ambao Shirika la Afya Duniani liliutoa mwaka 1986: dawa ipite mdomoni kila inapowezekana, itolewe kwa saa bila kusubiri maumivu yarudi, na ipande ngazi kwa ngazi kulingana na maumivu. Kiasi sikiandiki hapa, kwa sababu kila mgonjwa hupimiwa chake na daktari, na aliyetangulia hawezi kuwa kipimo cha anayefuata. Saa, hata hivyo, zinafaa kujulikana, kwa sababu ndizo zitakazoendesha nyumba: saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni, na saa 4 usiku, ambapo kwa maelekezo yao dozi ilikuwa mara mbili ili mgonjwa asiamshwe usiku wa manane. Tulipimia kwa bomba lisilo na sindano, ambalo muuguzi alilizungushia uzi mwekundu kwenye mstari unaotakiwa ili hata binti yangu wa darasa la saba asikosee. Chupa ilikaa kando ya mtungi wa maji, mahali penye ubaridi kuliko pote nyumbani, ndani ya kikapu kilichoning'inizwa juu ya kimo cha watoto.

Siku tatu za mwanzo alisinzia sana na kusikia kichefuchefu, na mjomba akaanza kusema waziwazi kile ambacho wengi hukisema kimya kimya, kwamba hii ni dawa ya kumalizia watu, na asipokufa atakuwa teja. Niliandika wasiwasi wake kwenye daftari kama tulivyoelekezwa, na katika ziara iliyofuata muuguzi hakunijibu mimi, alikwenda kukaa na mjomba chini ya mwembe. Alimweleza kwamba mgonjwa analipa deni la usingizi wa wiki sita, kwamba kusinzia na kichefuchefu kwa kawaida hupungua baada ya siku chache, na kwamba mwenye maumivu ya kweli akipewa dawa hii kwa kipimo na kwa saa hawi kama anayeitafuta mitaani. Jambo ambalo halipungui, alisema, ni kufunga choo, ndiyo maana vidonge vya kulainisha choo vilianza siku moja na mofini, na mapapai yakawa ya lazima. Sidhani kama maelezo hayo peke yake yalimtosha mjomba. Kilichomgeuza ni siku ya sita, alipokuwa akija kutoka barabarani akasikia sauti ya dada yake barazani, akimenya ming'oko (mizizi ya porini inayoliwa) na kuwagombeza vijana kwa korosho walizoziacha chini ya mikorosho mpaka zikanyeshewa. Daftari la siku hiyo linaonyesha vidole viwili.

Jambo la pili ambalo ningewapa sifa kubwa ni harufu. Saratani ya mlango wa kizazi ikifika mbali hutoa uchafu wenye harufu kali, na katika nyumba yetu tulikuwa tukifukiza udi kutwa nzima, tukidhani tunamsitiri, kumbe yeye kila akisikia udi alijua tumeisikia harufu. Majirani walikuwa wameanza kusalimia wakiwa dirishani. Muuguzi alituelekeza namna ya kusaga vidonge vya metronidazo vikawa laini kama poda na kuviweka palipoelekezwa baada ya kusafisha kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, na ndani ya wiki moja harufu ilipungua kiasi cha watu kuingia na kukaa. Alituambia pia tuweke karibu na kitanda vitenge viwili vya rangi ya giza, kwa ajili ya siku damu ikitoka nyingi, ili mgonjwa na wanaomuuguza wasitishwe na wekundu kwenye shuka jeupe. Siku hiyo ilikuja, mwezi wa tatu, na tulijua la kufanya. Ni mambo madogo, hayahitaji mashine wala umeme, na hakuna hata moja ambalo tungelijua wenyewe.

Ninachotaka kieleweke ni kwamba muuguzi alikuja mara moja kwa wiki, na mara mbili hali ilipokuwa mbaya. Saa zilizobaki zote, usiku na mchana, anayehudumia ni wewe. Kitengo kinafundisha, kinaandika dawa na kupokea simu. Hakiogeshi wala hakilali na mgonjwa. Ndugu wengine walijiunga na mpango huu wakidhani tumepata mtu wa kukaa na mgonjwa, na walipogundua sivyo wakaulaumu mpango. Ingefaa jambo hili lisemwe siku ya kwanza kwa sauti, mbele ya ukoo mzima, kwa kuwa sisi tuliligundua taratibu na likatugombanisha. Mwishowe ilibidi mimi niombe ruhusa kazini, binti yangu ashike zamu ya jioni, na shangazi mmoja wa ng'ambo ya Kitunda awe anavuka kila Jumamosi ili nipate kulala.

Gharama hazikuwa za kutisha, lakini zilikuwa za kila siku. Dawa za kitengo hatukulipia. Kwa kila ziara tulichangia shilingi 10,000 za mafuta ya pikipiki, kwa risiti. Kilichotukamua ni vitu vinavyotumika na kutupwa: glavu, pamba, sabuni, dawa ya kuondoa madoa, na zaidi ya vyote pampasi za watu wazima, ambazo tuliacha kuzinunua baada ya mwezi mmoja, tukarudi kwenye vipande vya kanga kuukuu vilivyochemshwa na kuanikwa juani. Makintoshi, yaani shuka la mpira la kutandika kitandani, tulinunua moja, nzuri, na hatukujuta.

Sasa ile lawama. Mwezi wa nne, siku ya Ijumaa, chupa ilikuwa imebakiwa na dozi za kufikisha Jumamosi asubuhi. Nilifika hospitali kabla ya adhuhuri, nikaambiwa mfamasia amekwenda msibani wilaya nyingine na ufunguo wa kabati la dawa zinazodhibitiwa ameondoka nao, nirudi Jumatatu. Simu ya muuguzi ilipatikana jioni hiyo, akaahidi kufuatilia. Jumamosi haikupatikana tena. Dozi ya mwisho ilikuwa ya saa 4 asubuhi. Kufika magharibi mama mkubwa alikuwa ameng'ata pindo la kanga yake mpaka likatoboka, na mkono wake umeshika kamba ya kitanda kwa nguvu ambayo sikujua anayo. Tulimpa panado, tukamkanda kwa kitambaa cha moto mgongoni, mjomba akakaa mlangoni akisoma aya alizozijua mpaka sauti ikamkauka. Hakuna aliyeandika chochote kwenye daftari usiku ule. Daktari alipatikana Jumapili saa 3 asubuhi, akaja mwenyewe mchana na chupa aliyoiazima kwenye hospitali nyingine.

Naelewa kwa nini kabati hilo lina kufuli, na singependa lisiwe nalo. Ila sioni kwa nini ufunguo usiwe na mtu wa pili wa kuupokea kwa maandishi. Mwaka 2014 Baraza Kuu la Afya Duniani lilipitisha azimio la kuzitaka nchi ziingize tiba shufaa katika huduma zao za afya, na azimio hilo, kwetu, liliishia mfukoni mwa mtu mmoja aliyekuwa msibani. Mofini ikikatika ghafla si kama sukari kuisha dukani. Maumivu hurudi yote kwa pamoja, na mwili uliokwisha kuizoea hutaabika juu yake. Jumatatu muuguzi alikuja, akapiga magoti kando ya kitanda na kumwomba radhi mgonjwa, si sisi. Tangu hapo tulipewa chupa mpya ile ya zamani ikiwa bado na dozi za siku tatu, na namba ya daktari ikaandikwa kwenye jalada la daftari. Utaratibu huo ungeweza kuwapo tangu mwanzo bila kuongeza shilingi moja. Anayejiandikisha leo, popote pale, na aulize kabla hajaondoka: chupa ikikaribia kuisha mwishoni mwa wiki, nani ana ufunguo, na asipokuwapo, nani mwingine?

Wiki mbili za mwisho kitengo kilirudi kuwa kile kilichokuwa mwanzoni. Mama mkubwa aliacha kula, na ndugu waliotoka Newala na Masasi walishikilia kwamba atundikiwe dripu, wakiona aibu mgonjwa wao afe na njaa. Muuguzi alikaa nao zaidi ya saa nzima, akawaeleza kwamba mwili unaofunga safari haudai tena chakula kama wetu, na kwamba maji yakisukumwa kwenye mishipa wakati huo mara nyingi huvimbisha miguu na kujaa kifuani, mgonjwa akapumua kwa taabu zaidi. Aliwapa kazi badala ya dripu: kumlowesha midomo kwa kitambaa safi kila anapoonekana kukauka, na kumgeuza kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda vya kulalia. Aliuliza kibla kiko upande gani, kisha akatusaidia kukizungusha kitanda ili kila akilazwa ubavu wa kulia awe amekielekea. Aliposhindwa kumeza, mofini ilidondoshwa matone machache ndani ya shavu, kwa saa zile zile. Mwezi wa Ramadhani ulikuwa umeingia, naye alikuwa amehuzunika kwamba hafungi. Shekhe wa mtaani alimwambia kwamba mgonjwa asiyetarajiwa kupona hutolewa fidia ya kulisha maskini, na mjomba alipima mchele mbele yake, kibaba kwa kibaba, ili aone.

Alifariki alfajiri ya Alhamisi, wakati Yasini inasomwa, mkono wake ukiwa umefumbwa ngumi. Nilimpigia muuguzi kabla ya jua kuchomoza, na alipokea.

Siku ya tatu alikuja kwenye hitima. Baada ya watu kula aliomba kikapu, akaipima mofini iliyobaki mbele ya mjomba, akaandika kiasi, wote wawili wakatia sahihi, akaifunga chupa na kuondoka nayo. Kabla ya kupanda pikipiki aliniuliza kama ninalala. Nilimwambia bado naamka saa 10 alfajiri kumgeuza. Alisema itachukua muda, na kwamba atapita baada ya arobaini, na kweli alipita. Daftari alituachia. Makintoshi niliiosha, nikaianika siku mbili, na sasa iko kwa jirani wa nyumba ya tatu, ambaye mumewe ana saratani ya koo la chakula na ambaye barua yake ya rufaa tuliisoma pamoja jioni ile ile aliporudi nayo.